Mshale wa Hamsini

Jumatatu moja ya Oktoba 1997, saa kumi na moja kasoro dakika kumi jioni, Kavutha alishuka kwenye kombi ya shule mbele ya nyumba yao Makongeni, akampa mama yake soksi zilizolowa, akafungua mdomo kusalimia. Hakuna kilichotoka. Wayua, mama yake, alimmiminia uji akamwambia akae kwanza. Baada ya dakika tano mlango ulibishwa, na sauti ya Kavutha ikasema hapo nje, "Mama, nimefika." Mtoto akaipokea, akaendelea na habari za shule.

Ikawa hivyo kwa watoto wote kumi na mmoja wa kombi ile. Akina mama walilalamika kidogo. Huko Umoja sauti ya mtoto mmoja ilikosea mlango, ikaomba chakula kwa jirani na ikapewa. Wengi waliamua kuacha mlango wazi, maana sauti haina mkono wa kufungulia kitasa.

Kimanzi, baba yake Kavutha, alikuwa fundi wa spidomita katika kibanda cha mabati pembeni mwa Gikomba. Yeye hakuhitaji kuambiwa chanzo. Jumamosi iliyotangulia, kamati ya wazazi, ambayo ndiyo iliyoinunua kombi kwa harambee, ilikuwa imeifungia matairi makubwa ili ipite kwenye madimbwi. Kimanzi aliomba kuitazama. Alichora alama ya chaki kwenye tairi, akaisukuma kombi mpaka tairi likamaliza mzunguko mmoja, akapima kwa futi ya fundi cherehani. Tairi la zamani lilikuwa likienda mita mbili. Hili lilienda mita mbili na sentimita thelathini, na spidomita haikuwa na habari. Mshale uliposema hamsini, gari lilikuwa na hamsini na saba na ushee. Safari ya jioni ambayo kwa mshale ilikuwa ya dakika arobaini, watoto waliimaliza kwa thelathini na tano. Sauti zao zilifuata mwendo wa mshale. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa imefupika kwa dakika tano kamili.

Sasa, kamati ile ilikuwa na sheria moja waliyoionea fahari kuliko katiba: mshale usivuke hamsini. Kila siku mzazi wa zamu aliketi mbele kando ya dereva, na kazi yake ilikuwa kuutazama mshale, si barabara. Walikuwa wameapa hivyo kwa Biblia. Simiyu, dereva, alikuwa mtu mtiifu. Alipeleka mshale hamsini na kuuacha hapo.

Wayua alivumilia wiki mbili. Kisha jioni moja, akisubiri sauti, alimshika mumewe mkono.

"Baba Kavutha, mimi naogopa. Siku sauti ifike na mtoto asifike, nitafanya nini?"

Kimanzi aliogopa pia. Jumamosi alilala chini ya kombi, akatoa gia ndogo ya plastiki iliyokuwa mwisho wa kebo ya spidomita, yenye meno ishirini na matatu, akaweka ya meno ishirini ili mshale useme kweli. Kazi ya nusu saa. Hakumuuliza mtu.

Jumatatu asubuhi mzazi wa zamu alikuwa Triza, mama wa watoto wawili. Walipofika Jogoo Road, Simiyu akienda mwendo wake wa kila siku, mshale ulipanda mpaka hamsini na saba. Triza alishika dashibodi akamwambia apunguze, kwani anataka kuua watoto wa watu? Simiyu akapunguza. Watoto walishuka na sauti zao midomoni, lakini walishuka wamechelewa, wakapigishwa magoti kwenye geti la shule. Wiki nzima ikawa hivyo. Triza naye alifika kiwandani akakuta geti limefungwa, siku mbili.

Jumapili baada ya ibada kamati ilikaa. Mwenyekiti alikuwa Bwana Kweyu, karani wa reli, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Kimanzi alieleza kwa chaki, akaeleza kwa futi, akawaviringishia tairi mbele yao. Waliangalia kwa heshima. Mtu aliyekwisha kuapa kuutazama mshale utamwambia nini kuhusu tairi?

"Fundi," Kweyu alisema, "hii gari ilikuwa poa. Tangu uiguse ndiyo imeanza kukimbia. Rudisha vile ilikuwa. Kama hutaki, mtoto wako atafute njia ingine ya kwenda shule."

Njia nyingine ilikuwa kutembea kando ya Jogoo Road, msichana wa miaka minane, gizani asubuhi. Kimanzi alilala tena chini ya kombi. Gia ilimwangukia usoni mara mbili. Meno ishirini na matatu. Sauti zikaanza tena kuchelewa, na kamati ikafurahi.

Alhamisi ya wiki iliyofuata mvua ilinyesha tangu saa nane. Kavutha ndiye aliyekuwa akishushwa mwisho. Saa kumi na moja kasoro dakika kumi Wayua alisimama mlangoni na bakuli la uji. Barabara ilikuwa tupu. Alihesabu dakika tano, na hakutaka ziishe.

"Mama, nimefika," sauti ilisema karibu na kiuno chake.

Aliiambia ikae kwanza. Kisha akavua kanga, akakimbia kwenye mvua kuelekea Jogoo Road.

Lori la mchanga lilikuwa limefunga breki ghafla, na kombi haikuwahi kusimama. Simiyu alivunjika miguu, na Triza, aliyekuwa zamu tena, mkono. Kavutha alizikwa Machakos Jumamosi ya pili.

Kamati iliikagua kombi. Mshale ulikuwa umekwama kwenye hamsini, na Triza, mkono ukiwa kwenye plasta, alithibitisha kwamba hakuuondolea macho. Kweyu alisimama akamshukuru Kimanzi mbele ya wazazi wote kwa kazi safi aliyoifanya. Wakanunua kombi nyingine, wakaihamishia matairi yale kwa sababu yalikuwa bado mapya.

Sauti haikuzikwa. Hufika kila jioni, na Wayua huiachia mlango wazi. Mara nyingi huomba uji, au husoma jedwali la kuzidisha la saba. Jioni moja Kimanzi alikuwa ameketi ameshika kichwa, na sauti ikamjia sikioni kwa upole, kama mtoto anayemtetea mtu.

"Baba, hatukuwa tunakimbia. Mimi mwenyewe niliona. Ilikuwa hamsini."