Masikio ya Kofia

Jumatatu ile msusi aliamka na vidole vigumu, kama alivyokuwa akiamka kwa miezi mitatu sasa, akaviingiza kwenye beseni la maji moto kabla shangazi yake hajatoka chumbani. Alivikunja, akavikunjua, mpaka vikakubali. Kisha akamwaga maji upesi na kuning'iniza beseni ukutani. Zilibaki siku tano mpiga picha wa mtaani kwao alete paka dume wake, na nyumba nzima ilikuwa haikaliki.

Aliyekosa utulivu zaidi ni Kofia. Huyu alikuwa paka jike wa ukoo maalumu, wa kununuliwa, mwenye manyoya ya rangi ya majivu, kichwa cha mviringo kama chungwa, na masikio yaliyokunjika kuelekea mbele yakalala juu ya kichwa. Ukimtazama harakaharaka ungedhani kavaa kofia. Msusi alimtunza kama anavyotunza vichwa vya wateja wake. Alimpiga brashi mara mbili kwa wiki, akamsafisha mikunjo ya masikio kwa pamba yenye mafuta kidogo, maana hewa haipiti humo na nta hujaa mapema, na chakula chake alikipima kwa kikombe kwa kuwa paka wa aina ile hunenepa hata kwa kuitazama sahani. Siku zote alikuwa mpole, na sauti yake ndogo kama bawaba iliyokosa grisi. Lakini tangu apate joto la kutaka dume, alilia kutwa na kujigaragaza sakafuni katikati ya nywele zilizokatwa.

Saluni ilikuwa chumba cha mbele, naye na shangazi yake waliishi vyumba vya nyuma. Wateja walimpenda Kofia kuliko walivyoipenda redio. Alikuwa na mkao wake: anaegemeza mgongo ukutani, ananyoosha miguu ya nyuma mbele yake, mikono tumboni, kama mama mwenye nyumba aliyemaliza kazi. Watu walicheka, wakampiga picha. Kando ya kioo kikubwa msusi alikuwa amebandika karatasi yenye majina saba ya waliotaka watoto wa Kofia.

"Wangu awe na masikio yaliyolala," alisisitiza mteja mmoja aliyekuwa chini ya kikaushio cha nywele. "Yaliyosimama sitaki. Paka wa masikio yaliyosimama si wamejaa huko nje?"

Shangazi alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, akipekua gazeti kwa viganja kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimepinda siku nyingi. Alikuwa mpiga chapa wa ofisini hadi alipostaafu. Aliposikia maneno yale akavua miwani.

"Mwanangu," alisema mteja alipoondoka, "huyu paka anaomba ruhusa kabla ya kuruka. Umemwona? Anasimama chini ya kiti, anaweka mkono, anautoa. Na ule mkao mnaoupiga picha, hapumziki pale. Anaiweka miguu pasipouma."

"Shangazi, ndivyo aina yake inavyokaa. Imeandikwa kila mahali."

"Kuandika nimeandika miaka thelathini. Najua ni mangapi huandikwa."

Msusi alicheka, ila maneno yalimganda. Siku nzima alijikuta akigeuza shingo kumtazama paka, mpaka mteja akamuuliza kama kuna mtu anamsubiri. Jumanne, akimpiga brashi, aliunyanyua mkia taratibu karibu na mgongo. Mkia haukupinda. Ulikuwa mgumu kama mpini wa kitana, na Kofia, ambaye hajawahi kumng'ata mtu, alimng'ata.

Kesho yake asubuhi alifunga saluni, akamtia paka kwenye kikapu na kwenda kwa daktari wa mifugo. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye koti jeupe lililojaa manyoya. Alimbonyeza Kofia miguu, akampiga eksirei, kisha akaibandika picha kwenye kioo chenye taa. Kwenye vifundo vya miguu ya nyuma mifupa ilikuwa imeota manundu na kushikana.

"Sikio limelala kwa sababu gegedu lake, ule mfupa laini, ni dhaifu," alisema. "Sasa gegedu si la masikio tu, dada. Lipo kwenye kila kiungo. Kilichomkunja masikio ndicho kinachomharibu miguu na mkia. Dawa ya kumpunguzia maumivu ipo. Ya kumponya haipo."

"Na Jumamosi analetewa dume."

"Dume lenyewe masikio yake vipi?"

"Yamesimama."

"Basi karibu nusu ya watoto watatoka kama mama yao. Watazaliwa na masikio ya kawaida, wiki ya tatu au ya nne yaanze kulala, nanyi mshangilie. Mimi nakushauri umfunge uzazi. Ni ugonjwa wa kurithi, na wa kurithi huzuiwa kwa njia moja tu."

Neno lile la kurithi lilimpanda msusi kichwani. Alichukua kikapu na bahasha ya eksirei, akaondoka karibu asahau kuaga. Njiani alibadilisha mkono wa kushikia kikapu mara nne, mara vidole vinauma, mara hasira.

Alhamisi alikuwa akisuka nywele za binti wa jirani, kitana kikamponyoka. Akakiokota. Kikamponyoka tena. "Mafuta haya yanateleza," alisema, na hakuwa amepaka mafuta. Binti alipoondoka, msusi akaanza kusogeza viti, akavirudisha, akafuta kioo kilichokuwa safi.

"Tangu lini?" shangazi akauliza.

"Tangu lini nini?"

"Maji moto hayo nilianza kuyachemsha mimi, kabla wewe hujajua kushika kitana. Kila asubuhi nasikia beseni."

Msusi aliketi, akasimama. "Miezi mitatu."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema nini? Vidole ndiyo saluni." Sauti ilimpanda. "Halafu yule daktari ananiambia mwenye ugonjwa wa kurithi asizae! Kwa hiyo bibi, mwenye vidole hivihivi, asingezaa? Wewe usingekuwepo, na baba asingekuwepo, na mimi je?"

Shangazi akacheka kicheko kifupi.

"Bibi yako alizaa kwa sababu alikuwa na mume na nyumba na hamu ya watoto. Hakuna aliyesimama mlangoni kwake akasema, mimi nataka mtoto wa vidole vilivyopinda, vilivyonyooka sivitaki." Akamwonyesha kwa kidevu Kofia aliyekuwa akijivuta chini ya meza. "Huyu ndiye anayezalishwa kwa ajili ya ugonjwa wake. Wewe uko hapa, tutahangaika nawe. Hao watoto saba hawajawa hapa bado."

Msusi alikwenda dirishani, akarudi, akaenda tena.

Jumamosi mpiga picha alifika saa nne kamili, shati limepigwa pasi, kikapu mkononi, na ndani yake dume jeusi linalong'aa.

"Bwana harusi huyu hapa! Nimemwogesha kwa mikono yangu, tazama alivyonikwaruza."

"Samahani sana, kaka. Haiwezekani tena."

"Haiwezekani vipi? Si tumekubaliana? Au umepata dume jingine?"

Msusi alimpa bahasha. Mpiga picha aliiinua eksirei dirishani, akafunga jicho moja, kama anayekagua kazi ya fundi mwenzake.

"Hapa peupe paliungua kwa mwanga?"

"Hapo ndipo mifupa iliposhikana. Ndipo anapokanyagia."

Alitazama kwa muda mrefu. Uso wake haukuonyesha kuridhika, na alipoirudisha alisema tu kwamba angepaswa kupigiwa simu mapema. Dume lililia mpaka mwisho wa barabara.

Karatasi ya majina ilitolewa siku hiyohiyo. Mteja wa kikaushio aliposikia habari alisema msusi anajifanya daktari, na hakurudi. Wengine walirudi. Kofia alifungwa uzazi wiki iliyofuata, kelele zikaisha, akaanza dawa ya matone iliyochanganywa kwenye chakula, na ili apandie makochi, msusi akampangia visanduku vitatu vya vipodozi kama ngazi. Aliruka kidogo. Alipanda zaidi.

Mwezi huo shangazi alimpeleka msusi hospitali. Alitolewa damu, akaambiwa asubiri kuitwa kwa namba. Benchi lilikuwa na nafasi, naye alikuwa anazunguka mbele yake akifunga na kufungua ngumi.

"Kaa, mwanangu."

"Siwezi."

"Haya," shangazi akasema, akijiinua kwa kiganja. "Basi tutembee."

Wakashikana mikono, wakaenda mpaka mwisho wa ukumbi na kurudi, wakaenda tena, mpaka muuguzi alipotoa kichwa mlangoni na kuita namba yao.