Mbele Ngumu, Nyuma Laini

Fundi akitaka kujua kama shoki za gari, vile vyuma vinavyozuia gari lisirukeruke, zimekufa, hapigi ramli. Analalia bampa kwa mikono miwili, anaachilia, anatazama. Gari lenye shoki nzima linashuka, linapanda mara moja, linatulia. Lenye shoki zilizokufa linaendelea kuitikia kama mlevi anayekubali kila anachoambiwa.

Hayo nilifundishwa na Ekwaro, mwanamume niliyekuwa nakaa naye, siku alipoleta lile Datsun jekundu Malaba, likivutwa kwa kamba nyuma ya lori la tajiri wake. Mimi nilikuwa nashona nguo barazani pa duka lililotazamana na gereji ya fundi Callistus. Akaniita niache cherehani nije nione. "Lala hapo kwa bampa, Amoit," akasema. Nikalala. Gari likaitikia, likaitikia, likaitikia. Tukacheka mpaka Callistus akatoka chini ya lori kuuliza ni nini.

Lilikuwa gari la mashindano, milango miwili, limeangushwa na mwenyewe huko Nakuru, na Ekwaro alikuwa amelipata kama mzoga. Alinyoosha bati, akabadilisha kioo, akapaka rangi. Kilichobaki ni shoki. Na siku likipata shoki, aliniahidi mbele ya Callistus, safari yake ya kwanza itakuwa Amukura kwa baba yangu.

Kwangu hiyo haikuwa safari ya matembezi. Nilikuwa nimeingia nyumbani kwa Ekwaro bila yeye kwenda kwetu na wazee wake. Mavuno yalikuwa yamepita, mengine yakaja. Kila nikikutana na shangazi zangu sokoni walinisalimu, kisha wananitazama kiuno, kisha wananiuliza kama huko ninakokaa kuna wenyewe. Kwa hiyo nilizingojea hizo shoki kuliko Ekwaro alivyozingojea.

Shoki ziliuzwa Busia, na Busia aliyekuwa nazo ni Benedetta.

Benedetta alikaa Burumba, mtaa wa Busia, alirithi duka la spea kutoka kwa baba yake. Alikuwa mwanamke mrefu, anacheka polepole, anavaa suruali pana chini. Suruali hizo nilizishona mimi. Nilimpima kwa mikono yangu, nikajua urefu wa mguu wake kutoka kiunoni mpaka kisiginoni, na siku hiyo sikuwa na neno naye. Alinilipa vizuri, akanisifu pindo. Ubaya ulikuja baadaye, Ekwaro alipoanza kusema "Benedetta anasema" kabla ya kusema jambo lake mwenyewe. Benedetta anasema oili hii si nzuri. Benedetta anasema tairi za nyuma zimelika upande. Nilipomwambia mimi kwamba chumvi imekwisha, alisema, "Mm."

Gari hilo bovu bovu lilianza kwenda Busia na kurudi. Likirudi, ninapanda nikakae kiti cha kushoto, nakuta miguu yangu haifiki mbele. Kiti kimesukumwa nyuma mpaka mwisho wa reli. Mimi ni mfupi. Nikawa navuta kile chuma cha chini, nasogeza kiti mbele. Kesho yake nakuta kimerudi nyuma. Mtu mwingine angeuliza. Mimi nilipima kwa macho, na kipimo nilikijua. Ni kile cha suruali.

Siku moja Benedetta alikuja Malaba na shoki za aina mbili ndani ya magunia, akazipanga chini kwenye uwanja wa Callistus kama mtu anayepanga samaki. Za kwanza zilikuwa laini, zenye oili, springi ndefu, za gari la mtu na familia yake. Za pili zilitoka kwa gari la mashindano, ngumu, na springi zake fupi zimezizunguka kama gauni la kubana. Hizo zingelishusha gari chini, na kwenye kona halingelala. Alimweleza Ekwaro yote hayo kwa utaratibu, hakumficha ubaya wa hizi wala wa zile. Nilitamani adanganye. Hakudanganya.

"Swali ni moja, bwana," akamwambia. "Utabeba nani?"

Ekwaro akacheka, akasema atabeba yeyote atakayekubali kubebwa.

"Hapana, jibu. Ukienda peke yako na barabara yako, chukua hizi. Ukibeba bibi na wazee, chukua zile. Lakini usichanganye. Umelima na ng'ombe, unajua. Ukifunga nira moja yule anayekimbia na yule anayelala, unavunja jembe."

Callistus akafuta mikono, akasema, "Ekwaro, mimi nilifikiri unanunua shoki. Kumbe unaoa." Wote wakacheka, Benedetta naye. Mimi nilikuwa nimesimama na tepu ya kupimia shingoni, na hakuna aliyenitazama kuona kama nimecheka.

Wakafunga zile ngumu kwanza, zijaribiwe. Ekwaro akasema Benedetta apande, kwa sababu yeye anajua kusikiliza gari. Wakaenda upande wa Alupe, vumbi likasimama nyuma yao kama moshi wa kuchoma matofali. Nikarudi kwenye cherehani. Nilikuwa nashona sare ya mtoto wa shule, kitambaa chepesi, na bado sindano ikavunjika. Waliporudi walikuwa wekundu kwa vumbi mpaka kope, wanaongea wote wawili kwa wakati mmoja, hii kona, ile kona, umesikia ilivyoshika. Nilikuwa sijamwona Ekwaro na uso kama ule tangu tuanze kukaa pamoja.

Halafu wakafunga zile laini, na sasa zamu ikawa yangu. Nikasogeza kiti mbele. Ekwaro aliendesha kama anapeleka maiti. Hakuna kilichonirusha, hakuna kilichonigonga, ningeweza kushika kibuyu cha maziwa na lisimwagike tone. Nikamwambia ni nzuri. "Iko sawa," akajibu, akitazama barabara. Hapo nikaelewa kwamba mtu anaweza kukubeba vizuri na roho yake haimo ndani ya gari.

Jumamosi yake akaja nyumbani anapiga mluzi. Alikuwa amepata dawa, akaniambia. Amechukua nusu ya hizi na nusu ya zile. Mbele Callistus amefunga zile ngumu, ili gari lishike kona. Nyuma amefunga zile laini, ili mimi na wazee tukae vizuri. Alinieleza kwa furaha ya mtu aliyegawa nyama na kila jirani akaridhika. Nikauliza Callistus alisemaje. Akasema Callistus alitikisa kichwa, lakini Callistus hutikisa kichwa hata kwa gari zima.

Nikatoka nje peke yangu. Nikalalia bampa ya mbele kwa uzito wangu wote. Haikushuka. Nikazunguka, nikalalia ya nyuma. Ikashuka kama godoro, ikapanda, ikatulia. Nikasimama hapo nikifikiri. Mbele ndiko anakotazama mtu anayeendesha.

Jumapili tulitoka kwenda Amukura. Nyuma alikaa mjomba wake, mzee Ochom, amevaa kofia na koti, pamoja na mke wake, na katikati yao kreti ya soda. Sukari na vitu vingine vya wazee vilikuwa kwenye buti. Mimi nilikaa mbele, na kiti nilikuta kimerudi nyuma, nikakivuta. Lami ilipokwisha mambo yakaanza. Kila shimo, mdomo wa gari uligonga ukaruka, na mkia ukazama ukayumba, kwa sababu uzito wote ulikuwa huko. Mbele ilikuwa inapigana na barabara, nyuma inaomba msamaha. Kofia ya mzee Ochom ilianguka mara nyingi mpaka akaamua kuikalia. Mke wake alianza kwa kuomba Mungu, akamaliza kwa kutapika dirishani. Kwenye kalvati moja, pale maji yanapopita chini ya barabara, kabla ya kufika kwetu, tumbo la gari likalalia mawe, likasimama.

Tukashuka wote. Mzee Ochom akaokota kofia iliyokuwa bapa, akaitazama. "Mwanangu," akasema kwa upole, "gari yako inakataa kwa mdomo na inakubali kwa mkia. Sisi tuamini gani?"

Ekwaro akalaumu barabara. Akalaumu kreti ya soda. Nikamngoja amalize, kisha nikamwita pembeni.

"Mbele ni ya nani?" nikamwuliza.

"Mbele ni ya gari."

"Mbele ni ya Benedetta. Nyuma ni yangu. Hata yeye alikuambia usichanganye."

"Amoit, hizi ni shoki tu."

"Kwa hivyo ni rahisi kubadilisha. Ukimaliza kuchagua, uje kwa baba. Mimi natangulia."

Nikachukua furushi langu nikaenda kwa miguu. Kutoka kalvati nyumba yetu ilionekana. Wazee hawawezi kuingia boma la watu na ugomvi mkononi, kwa hiyo walisukuma gari likageuzwa, wakarudi Malaba. Niliwasikia, sikugeuka.

Baba yangu, mzee Ojakol, alisema tu kwamba karanga zinangoja watu wa kubambua. Mama ndiye aliyenizunguka kila siku na maneno, kwamba mwanamke haachi mwanamume na gari njiani kwa sababu ya vyuma. Nikabambua karanga. Kila ngurumo ikipita barabarani nilijua kama ni lori, basi au gari dogo, na kila gari dogo nililitengenezea safari kichwani. Linatoka Busia, liko na watu wawili, kiti cha kushoto kimesukumwa nyuma, mtu anacheka polepole. Jirani yetu mmoja, mwuza mitungi, aliniletea habari bila kuulizwa. Lile gari jekundu amelikuta limesimama Burumba mbele ya duka la spea, asubuhi, na jioni akirudi bado lilikuwa pale. Nilimshukuru. Usiku huo sikula.

Gari jekundu lilikuja siku ya jua kali. Nilikuwa uani na karanga miguuni. Njia ya kuingia kwetu imekatwa na kichuguu cha zamani, kimesawazishwa lakini bado kina mgongo, na kila baiskeli hupiga kelele pale. Sikumtazama Ekwaro usoni. Nilitazama magurudumu. Ya mbele yakapanda mgongo, yakashuka, mdomo ukazama kidogo, ukapanda mara moja, ukatulia. Ya nyuma yakafanya vilevile. Mzee Ochom akashuka na kofia yake kichwani, imesimama wima.

Mama akakimbilia jikoni, maana mkwe haonani uso kwa uso na mama mkwe, akavuta mlango akaacha ufa. Baba akawakaribisha wazee kwenye viti. Mimi nikaenda kwenye gari kutoa vitu, moyo wangu umeanza kulegea. Nikafungua mlango wa kushoto.

Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma mpaka mwisho.

Ekwaro alikuwa amenifuata. Aliona ninachotazama. Hakukana. Aliniambia Benedetta ndiye aliyezipokea tena zile ngumu, akampa zile laini za mbele zinazolingana na za nyuma, akapanda naye jana kusikiliza kama zimekaa sawa. "Alikuja kusikiliza tu," akasema.

Nilijua ni kweli. Ndiyo iliyoniuma. Hata ulaini huu niliokuwa nimeushangilia ulikuwa umepita kwenye sikio lake kwanza.

"Shoki umechagua," nikamwambia. "Kiti bado."

Nikavuta kile chuma cha chini, nikasogeza kiti mbele mpaka mahali pangu, nikakishika hapo.

"Leta spana. Funga."

Akatazama upande wa wazee. Mzee Ochom alikuwa amegeuza shingo. Baba alikuwa ameegemea kiti anatazama, na kwenye ufa wa mlango wa jikoni kulikuwa na jicho. Kwa desturi, siku kama hiyo mwanamume anayekuja kuposa hukaa kimya, amenyooka, safi, wazee wanamsemea. Ekwaro akafungua buti, akatoa spana na bolti. Akapiga magoti kwenye vumbi la uwanja wetu na suruali yake mpya, akaingiza kichwa chini ya kiti, makalio yakitazama jikoni, akapitisha bolti kwenye tundu la reli na kuikaza. Alikaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Nikasikia mama anacheka, amejiziba mdomo na kanga.

"Haitasogea tena," Ekwaro akasema kutoka huko chini.

Nikaingia nikakaa. Miguu yangu ilifika. Nikafunga mlango, nikakaa hivyo kidogo huku wazee wakiniangalia, nikifikiria mguu ule nilioupima, na jinsi siku Benedetta atakapopanda tena magoti yake yatakavyomgusa kidevu.