Aya ya Kwanza

Bosi wangu wa zamani, mhariri wa jarida letu la Jumapili, tulimwita Mkasi, na jina hilo hakulipata kwa ushonaji. Ukimpelekea makala, uwe mkongwe au umeajiriwa jana, aliichapa kwenye karatasi, akaitazama kidogo, akachukua kalamu nyekundu na kupiga mstari mmoja kutoka juu mpaka chini ya aya ya kwanza. "Watu wakianza kuandika hupiga miayo kwanza," alikuwa akisema. "Habari inaanzia aya ya pili." Ukweli usemwe, mara nyingi alikuwa sahihi, na jarida lilinunuliwa.

Waandishi nao si wajinga. Walipoona mambo ni hayo wakaanza kumwandalia aya ya kafara, maneno ya kupoteza yanayowekwa juu ili yachinjwe na makala yenyewe ipone. Wengi walijaza habari za mvua na jua. Mimi nilikuwa msanifu wa kurasa. Karatasi zilitoka mezani kwake zikaja kwangu, nami nikafuta kwenye kompyuta kila kilichopigwa mstari, kwa hiyo kafara zote zilipita mbele ya macho yangu. Nilicheka sana miaka ile.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na safu ya Profesa. Shule aliiacha njiani. Uprofesa tulimpa sisi kwa ajili ya miwani yake na kupenda kwake kubishana. Yeye na Mkasi walikuwa chanda na pete. Waliajiriwa siku moja, wakapanga chumba kimoja ujanani, na hata walipooa waliendelea kutembeleana kila Jumamosi.

Kilichowagombanisha ni tangazo la magodoro. Profesa alifiwa na mama yake, akamwandikia ukurasa mzima, na mimi niliousanifu nilifuta machozi. Siku ya kwenda mtamboni likaingia tangazo la nusu ukurasa, na Mkasi akakata makala katikati. Mama wa watu akaishia pale alipolazwa hospitali, na chini yake akalala kijana anayetabasamu juu ya godoro. Jumatatu Profesa alikuja, akakusanya vitu vyake, akasema safu ataiandikia nyumbani na mtu yeyote asimpigie simu.

"Hasira hasara," Mkasi akaniambia. "Atarudi tu."

Hakurudi. Safu ikawa inakuja kwa barua pepe, na Mkasi akawa mtu wa kuikimbilia simu yake kila ikilia, kisha uso unamshuka. Alimkumbuka mno rafiki yake, na kiburi hakikumruhusu kuanza. Siku moja, amesimama dirishani na kikombe kilichopoa, alinong'ona, "Akinitumia salamu hata moja, nitakwenda kwake kwa miguu."

Salamu ikaja, tena wiki ileile. Nilipokea karatasi ya safu kutoka mezani kwake na juu kabisa, chini ya mstari mwekundu, nikasoma: "Ndugu yangu, hii najua utaikata, kwa hiyo nimekuandikia wewe peke yako. Godoro lako limenivunja mgongo, lakini nimechoka kununa. Njoo Jumamosi."

Nikasema moyoni, alhamdulillahi, yamekwisha. Nikafuta aya nikitabasamu. Jumatatu nikamtazama Mkasi usoni, nikitegemea kuona mtu aliyeshiba mazungumzo. Uso ulikuwa uleule wa juzi.

Aya zikaendelea kuja. Profesa alimkumbusha chumba chao cha ujanani na suruali moja ya heshima waliyokuwa wakivaa kwa zamu. Alimtania, akamtukana kidogo, akamwita tena. Kisha aya zikafupika. "Daktari ameona kitu kwenye ini. Usiwaambie wa ofisini, sitaki kutazamwa kwa huruma. Kiti chako nimekiweka karibu na kitanda." Mstari mwekundu, mnyoofu, ukapita juu ya ini na juu ya kiti.

Mimi nikanyamaza. Ilikuwa siri ya watu wazima wawili, tena mwenyewe ameomba isitoke. Lakini roho yangu ilimgeuka Mkasi. Nilimwona mtu wa jiwe. Nikawa namjibu kwa mkato, na akiingia kwenye lifti nashika ngazi.

Siku moja akaniletea karatasi mwenyewe, na uso wake ulikuwa umechangamka. "Profesa siku hizi anaandika vizuri sana," akasema. "Amepunguza maneno. Zamani alikuwa anajaza tu."

Nikashindwa kujizuia. "Mtu anakufa, bosi, wewe unasifia sentensi."

"Nani anakufa?"

"Usinifanye mtoto."

"Dada, nani anakufa?"

Nikamtazama. Mtu anaweza kuigiza mengi, lakini si ule mdomo uliobaki wazi.

"Amekuandikia," nikasema. "Wiki zote hizi. Kwenye aya ya kwanza."

"Aya ya kwanza huwa siisomi." Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja saa ya chakula. Kisha akasikia alichokisema, akashika ukingo wa meza yangu.

Nilimfungulia barua pepe zote. Alizisoma amesimama, midomo ikicheza, na alipofika kwenye suruali akacheka, na alipofika kwenye ini akakaa sakafuni, mhariri mzima, mbele ya watu wa idara nzima. Nikachukua funguo za gari langu, maana mikono yake ilikuwa haifai kwa usukani.

Mlango ulifunguliwa na mke wa Profesa. "Leo umepotea njia, shemeji?" akauliza. Hakungoja jibu, akatuongoza chumbani.

Profesa alikuwa amebaki miwani na mifupa. Mkasi alikaa kwenye kile kiti, akamshika mkono, na wote wawili wakalia bila kuoneana haya. Nilitaka kutoka, mke wake akaniashiria nibaki.

"Nilikuwa namwambia huyu," Profesa akasema, akimwonyesha mkewe kwa kidevu, "jamaa ana kiburi, ila anasoma. Maisha yangu yote sijasomwa na mtu kama nilivyosomwa na yeye. Hilo ndilo lililokuwa likinipa usingizi." Akapumzika, akavuta pumzi. "Ulikuwa unasoma, sivyo?"

Mkasi alinitupia jicho mara moja tu. Akisema hakusoma, anatoka pale hana kosa la ukatili, na mgonjwa anabaki bila kile alicholalia. Akisema alisoma, basi yeye ndiye mtu aliyejua yote na akakaa kwake.

"Nilisoma," akasema.

"Zote?"

"Zote."

Profesa alifumba macho, na uso wake ukalegea kwa raha. Halafu akayafumbua. "Hata ile ya ini?"

"Hata hiyo."

"Na hukuja."

"Roho mbaya tu, ndugu yangu. Sina neno jingine."

Profesa akatikisa kichwa kwa muda mrefu. "Afadhali," akasema mwishowe. "Kusoma ulisoma." Akautoa mkono wake taratibu kutoka mkononi mwa Mkasi, akageukia ukutani. Tulikaa mpaka ikawa aibu kukaa.

Mkewe alitusindikiza hadi mlangoni. "Kwa hiyo ulijua tangu mwanzo, shemeji."

Nilifungua mdomo niseme ukweli. Mkasi akanishika kiwiko, akanibana mpaka nikaumia.

"Tangu mwanzo, shemeji," akasema.

"Siku ikifika," mama yule akamwambia, "usije ukasimama mbele ya watu kumsifu."

"Sitasimama, shemeji."

Siku ilipofika hakusimama. Alikaa nyuma kabisa pamoja na madereva, na wasifu wa marehemu ulisomwa na mtu wa idara ya michezo, ambaye hata jina la safu alilikosea.