Namba ya Mama

Mbinya alikuwa amemwimbia mumewe Ndolo, dereva wa lori, wimbo mmoja: aandike kwenye kadi yake ya dharura ya mfukoni kwamba penisilini humdhuru. Ndolo alicheka tu.

"Kadi ni ya wanaotaka kufa."

Akaandika "Mama" na namba ya simu, basi. Huyo Mama alikuwa binti yao Wayua, aliyepewa jina la marehemu mama yake Ndolo.

Lori likapinduka karibu na Mtito Andei. Mbinya alipofika hospitalini na Wayua, nesi alimshika mkono.

"Mshukuru mama yake. Tulimpigia simu kwa namba ya kwenye kadi, sindano ya penisilini ikiwa tayari, akafoka, 'Mtaniulia mwanangu!'"

Mbinya akamgeukia binti. "Umefanya vizuri, mama."

"Mimi? Simu yangu haina chaji tangu jana."

"Si huyu mtoto," nesi akasema. "Ni mama mzee, anakohoa kila neno."

Mbinya alikijua kikohozi hicho. Ndicho kilichomuua mama mkwe wake.

Ndolo alipozinduka aliomba kalamu, akaongeza jina la dawa. Ile namba hakuigusa.