Goti Nyuma ya Goti

…na mstari umenyooka, kila mpanda farasi amebana goti lake nyuma ya goti la mwenzake wa kulia, kama nilivyowafundisha majira yote ya baridi kwenye malisho ya Ely, wakulima hawa ambao kabla Mfalme na Bunge hawajapigana walijua farasi wa kulimia tu, na leo wamewavunja wapanda farasi wa Mfalme bila hata mmoja kupiga mbio, kisha wakajipanga upya, na adui huyoo anakimbilia kilimani iliko mikokoteni yake, aliko Tobias, mwanangu, waliyemteka Jumanne wakamfunga nyuma ya mkokoteni… usimfikirie, fikiri hesabu, kulia kwetu askari wetu wa miguu wanasukumwa, tukiondoka sisi ubavu wao unabaki wazi, mamia ya watu kwa kijana mmoja, nilipokuwa chuoni Cambridge ningeitatua hesabu hiyo kabla ya kifungua kinywa… Kapteni Ludlam amekataza mtu kuvuka mtaro ulio mbele yetu kabla ya tarumbeta, na tarumbeta imenyamaza, na Josias Fenn, kulia kwangu, ananung'unika kwamba wale wenye nywele ndefu, watu wa Mfalme, wanatoroka, "Koplo, yule ni Tobias wetu, tunangoja nini, askofu aje atubariki?" wenzake, wasiotaka kumwona askofu yeyote, wanacheka kicheko kikavu, nami najibu, "Tunangoja tarumbeta, Josias, funga mdomo," na sauti yangu haikutetemeka, najivunia hilo, mkono mmoja, wangu, umewashikilia watu wote hawa… alijifunza kupanda akiwa ameketi mbele yangu, kichwa chake kikinigonga kidevu, akisema baba, twende upesi, upesi zaidi… mkokoteni wa kwanza unageuka, wanamchukua, na kisigino changu kimekwisha kumchoma farasi, sikukiamuru, farasi anajitupa mbele na haendi popote, goti langu limekwama nyuma ya goti la Josias, na kushoto Pell ameikamata hatamu yangu bila kunitazama, Josias yule yule aliyetaka kwenda, machozi yanamchuruzika mashavuni na goti halilegei hata unywele, kumbe siwashikilii, wananishikilia wao, na sijapata kujivunia kitu maishani, si shahada, si jina la ukoo, kama ninavyojivunia ukaidi huu walioupata kwangu na sasa wanao kunizidi, vumbi linaufunika mkokoteni wa mwisho, tarumbeta bado, na farasi wangu ametulia kabla yangu…