Foleni Iliyorudi Nyuma

Mwalimu Nduku alikuwa na mdomo ambao mama yake alisema uliumbwa siku ya soko. Hata darasani pale Kola, alikofundisha watoto sitini na mmoja wa darasa la tatu, nusu saa haikupita bila kumtania mtu. Mtoto akichelewa, alimwuliza kama siku hizi ng'ombe wa kwao wanakamuliwa kwa kupiga kura. Mtoto akiandika herufi kubwa kama vibanda, alimwuliza anakodisha chumba kwa mwezi au kwa siku. Watoto walimpenda kwa kuwa hakumbagua yeyote, na kwa kuwa Jumatatu, walipokuja na vidumu vya maji ya kunyunyizia sakafu ya vumbi, naye alikuja na chake.

Hakuwa mwalimu wa serikali. Mwaka ule wa 2002 serikali ilikuwa haiajiri walimu wapya, na wenzake aliomaliza nao chuo mwezi wa saba walirudi makwao na masanduku yaleyale waliyokwenda nayo. Nduku alibahatika. Wazazi wa Kola waliketi na mwalimu mkuu, Bwana Kimeu, wakakubaliana wamwajiri wao wenyewe. Mwezi mwingine walimlipa, mwezi mwingine wakamletea maharagwe na tabasamu. Krismasi ilipofika wakamletea jogoo aliyefungwa utepe mwekundu shingoni kama bwana harusi. Nduku alicheka mpaka machozi yakamtoka, na si machozi yote yalikuwa ya kicheko.

Uchaguzi ulikuwa siku mbili baada ya Krismasi. Bwana Kimeu alikuwa amemtafutia kazi ya ukarani katika kituo cha shuleni kwao.

"Siwezi, mwalimu," Nduku alimwambia. "Mimi nimejiandikisha kule mjini Machakos, karibu na chuo."

"Kwa nini hukujiandikisha nyumbani kama watu?"

"Nilikuwa mwanafunzi. Niliona foleni, nikafikiri ni ya chapati."

Bwana Kimeu alicheka kidogo. "Lakini kadi ya kura uko nayo?"

Mwalimu Nduku akainama kufunga kamba ya kiatu. Kadi yake ilikuwa ndani ya mkebe wa mafuta ya Kimbo, na mkebe ulikuwa kwa rafiki yake Wayua.

Mambo yalianzia bwenini. Baada ya wanachuo kujiandikisha, walianza kuja watu fulani wenye makoti mazuri kuwatafuta wasichana wasio na nauli, wakitaka kununua kadi zao. Nduku na marafiki zake wawili, Wangui na Wayua, wakatia kadi zao tatu katika mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, wakamkabidhi Wayua. Wayua hakuwahi kupoteza kitu, hata kifuniko cha kalamu. Aliyekuja kuuliza kadi aliambiwa aende kwa Wayua, na aliyekwenda kwa Wayua alirudi akiwa mdogo kuliko alivyokwenda. Walipoagana waliuacha mkebe palepale mikononi mwake makusudi. Siku ya kura, saa nne asubuhi, wangekutana kwenye kengele ya shule ya msingi iliyopakana na chuo. Wayua asipokuja angekuwa amewanyima wenzake kura, na wao wasipokuja wangekuwa wamejinyima yao, kwa hiyo lazima wote waje. Walijiona wajanja sana.

Ujanja huo haukuwa umehesabu mdomo wa Nduku.

Wayua ndiye aliyekuwa mwalimu bora kuliko wote darasani mwao. Wakufunzi walikuwa wakiwaleta wanafunzi wa mwaka wa kwanza wamtazame akifundisha kugawanya. Lakini kwao hakukuwa na wazazi wa kumwajiri, na kufikia Septemba alikuwa EPZ, kwenye viwanda vya nguo kule Athi River, akishona suruali za kupelekwa ng'ambo. Nduku aliposikia akamwandikia barua: "Hongera kwa darasa jipya. Nasikia wanafunzi wako wote ni suruali, wanakaa kimya, na hakuna anayeomba ruhusa ya kwenda choo." Aliipeleka posta akicheka peke yake njiani.

Jibu halikuja. Akaandika tena, bila mzaha. Jibu halikuja. Ndipo alipoisoma ile ya kwanza upya kichwani, polepole, kama mtu anayetembeza ulimi kwenye jino bovu.

Siku ya kura Nduku alifika kwenye kengele saa tatu na nusu. Alikuwa amebeba kiondo cha maembe, mayai ya kuchemsha na paja la yule jogoo bwana harusi. Wangui alitokea punde, akiwa ametoka Matuu alfajiri, kucha zikiwa bado za kijani kwa kuchuma nyanya za mama yake. Walikumbatiana mpaka kiondo kikapiga kelele.

"Umenona, mwalimu," Wangui akasema. "Wazazi wa Kola wanakufuga?"

"Wananiuza Pasaka. Na wewe mbona unanuka sosi?"

"Ni nyanya, mjinga wewe. Wayua je?"

"Bado."

Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Foleni ilikuwa imetoka mlangoni mwa darasa la nne, ikazunguka uwanja na kufika karibu na choo cha walimu.

"Tuingie," Wangui akasema. "Akifika, tayari tuko mbele."

Wakaingia. Foleni ikasonga vizuri kuliko walivyotaka. Saa saba walikuwa mlangoni, na karani akanyoosha mkono. "Kitambulisho na kadi."

"Kadi inakuja," Nduku akasema.

"Inakuja na nini, miguu?"

Nduku alisogea kando. Wakampisha mama aliyekuwa nyuma yao. Halafu mwingine. Halafu wakarudi wenyewe mwisho wa foleni, wakaanza upya. Mara ya pili walipofika mlangoni karani aliwatazama tu. Mara ya tatu wakala wa chama fulani alianza kuandika jambo kwenye daftari lake.

Saa kumi akaja Susu Kalondu, bibi mwenye kigoda chake mwenyewe, aliyechelewa kwa sababu ya mbuzi. Wakampisha.

"Nyinyi wasichana," akasema, "mnapisha kila mtu. Mmelipwa mpishe watu?"

"Hapana, susu. Kadi zetu ziko kwa mwenzetu, na hajafika."

"Mlimkosea?"

Wangui akamtazama Nduku. Nduku akatazama kiondo. "Mimi ndiye nilimkosea," akasema. "Huyu anaponzwa na mdomo wangu."

"Basi uufunge kwa maembe," Susu Kalondu akasema, akachukua moja, akaenda kupiga kura. Alipotoka hakwenda nyumbani. Aliweka kigoda chake nje ya lango, mahali anapoiona barabara, akakaa.

Saa kumi na moja unusu foleni ilikuwa imebaki watu kumi na wawili, Nduku na Wangui wakiwa mkiani. Wangui alikuwa akikwangua rangi ya kijani kwenye kucha zake, moja baada ya nyingine.

"Sema," Nduku akamwambia. "Nitukane."

"Nikutukane niongeze nini? Hii ilikuwa kura yangu ya kwanza, Nduku. Mama ameniuliza mara kumi kama kweli nina kadi. Ameacha nyanya zioze ili nije."

Nduku alihamishia kiondo mkono wa pili. Kura yake mwenyewe ingemwuma wiki moja, mbili. Kilichomtisha ni kwamba ikifika saa kumi na mbili kabla Wayua hajatokea, atakuwa amejua jibu la barua yake.

Askari mmoja mnene, mwenye redio ndogo mfukoni mwa shati, akaja kutoka upande wa ofisi. "Saa kumi na mbili redio ikilia, mimi nasimama nyuma ya mtu wa mwisho," akatangaza. "Aliye mbele yangu atapiga kura hata kama ni usiku. Aliye nyuma yangu aende nyumbani akapike."

Dakika saba kabla ya saa kumi na mbili, Susu Kalondu akaita kutoka langoni, bila haraka, kama mtu anayetaja mbuzi wa jirani: "Kuna msichana huko anakimbia na mkebe."

Nduku alichungulia. Mbali kule barabarani, kwenye mteremko wa chuo, mtu alikuwa anakuja mbio, kiatu kimoja mkononi, mkebe wa Kimbo umekumbatiwa kifuani. Kutoka pale hadi mkia wa foleni kulikuwa na mwendo wa dakika kumi kwa mtu mwenye viatu viwili.

"Hafiki," Wangui akasema.

Nduku akatazama barabara, akatazama askari. Halafu akarudi hatua moja nyuma.

"Unafanya nini?"

"Askari anasimama nyuma ya mtu wa mwisho. Mtu wa mwisho ni mimi. Amesema nisimame wapi?"

Akarudi hatua nyingine, na nyingine. Wangui akaelewa, akamfuata kwa kinyumenyume. Askari akatoa mkono mfukoni.

"Nyinyi. Foleni husonga mbele."

"Yetu ina wasiwasi, afande," Nduku akasema akiendelea kurudi. "Ni mara yake ya kwanza."

Mwanamume aliyekuwa mbele yao akageuka, akaona, akacheka, naye akarudi hatua tatu ili foleni isikatike. Aliyekuwa mbele yake akafanya vilevile. Wapiga kura wa Machakos waliobaki, wenye njaa na miguu mizito, wakatandazika uwanjani kama kamba ya nguo, mtu hapa na mtu pale, mpaka Nduku akapita langoni kinyumenyume na kusimama karibu na kigoda cha Susu Kalondu. Askari alikuwa amewafuata hatua kwa hatua, redio ikiimba mfukoni.

"Hii ni foleni kweli?" akauliza.

"Mwanangu," Susu Kalondu akamjibu, "ulisema utasimama nyuma ya wa mwisho. Hukusema akae wapi."

Askari alifungua mdomo. Kabla neno halijatoka, Wayua akafika akihema, akashika bega la Nduku na kuinama. Milio ya saa kumi na mbili ikaanza kusikika redioni. Askari akavuta pumzi ndefu, akaenda kusimama nyuma ya Wayua.

"Haya," akasema. "Sasa songeni mbele, kabla hamjafika Konza."

Wakasonga. Wayua alizungumza kwa vipande. Kiwandani waliachiliwa mchana. Lori la mchanga lilimfikisha Kyumbi, gari la kanisa likamfikisha mjini, kiatu kikakatika sokoni. Akafungua mkebe. Kadi tatu zilikuwa zimefungwa kwa uzi wa kushonea suruali, na chini yake kulikuwa na barua moja iliyokunjwa mara nne. Nduku aliujua mwandiko.

"Umeiweka," akasema.

"Niliiweka nikurudishie na kadi yako, tuachane." Wayua hakumtazama. "Ile barua nililia nayo, Nduku. Sikulia kwa sababu ya suruali. Nililia kwa sababu uliijua ndoto yangu ni ipi, na ndiyo uliyoichekea."

Foleni ikasonga hatua moja. Nduku alihisi utani ukimjia ulimini, mmoja mzuri sana, akaumeza.

"Nisamehe," akasema. "Sina la kuongeza."

Wayua alingoja kidogo, kama mwalimu anayempa mtoto muda wa kulimalizia jibu. Alipoona kweli hakuna la kuongeza, akafuta jasho.

"Nilipanga nisikuongeleshe. Nikupe kadi, nipige kura, niende. Halafu nikafika kwenye ule mteremko, nikaona wajinga wawili wanatembea kinyumenyume na askari anawafuata kama ndama." Bega lake likaanza kutikisika. "Nimekimbia nikicheka. Ndiyo maana nilichelewa hivi."

Wangui akaachia kicheko chake cha Matuu, kile cha kuita wateja, na mkono wake mmoja ukamshika Nduku na mwingine Wayua.

Walipofika mlangoni karani alikuwa amechoka hata kuuliza. Kadi tatu, vitambulisho vitatu, karatasi tatu kwa kila mmoja, masanduku matatu. Nduku alipoichovya ncha ya kidole kwenye wino alifikiri juu ya watoto sitini na mmoja ambao Januari wangetaka kuuona, akaombea doa lidumu hadi shule ifunguliwe.

Walikula nje ya lango, giza likianza kuingia, wakigawana na Susu Kalondu na yule askari, ambaye alisema huwa hali chochote akiwa kazini, kisha akala mayai mawili. Wayua aliwasimulia kwamba saa ya chakula kiwandani huwafundisha wasichana wanne kugawanya na kuandika, kwa kuchora sakafuni kwa chaki ya mafundi. Mmoja wao alikuwa ameanza kuandikia nyumbani barua bila kusaidiwa. Nduku alisikiliza yote bila kukatiza, jambo ambalo Wangui aliapa hajawahi kuliona maishani.

Walipoinuka, Wayua alirudisha kadi zote tatu mkebeni, barua ikiwa bado chini, akagonga kifuniko kwa kiganja. Kisha akautia mkebe ndani ya kiondo cha Nduku.

"Miaka mitano," akasema. "Sasa ni zamu yako."

"Na barua?"

"Hiyo ikae humo. Ukipoteza kadi yangu, nami nitakuandikia yangu. Na usidhani sijui kutania. Nilikuwa naogopa kukushinda."

Nduku aliufunika mkebe kwa leso, juu yake akaweka maembe mawili yaliyobaki, akatembea kuelekea stendi polepole, kama mtu aliyebeba mayai.