Digrii Mia na Ishirini

Bikoni, nguzo ya mpaka, ilikuwa imechimbiwa jikoni kwa Sekela, karibu kabisa na mafiga. Saruji yake ilikuwa bado mbichi, na kuku alishaikanyaga.

"Usiing'oe, mama. Ukiing'oa ni jela," alisema kibarua wa kampuni ya upimaji, akabeba sururu yake akatoka bila kuaga.

Sekela alibaki na mkungu wa ndizi mikononi, hajui amenye au asimenye. Mpaka jana jiko lilikuwa lake. Leo lilikuwa la mtu aliyenunua shamba la chai lililokuwa la umma, mtu ambaye huku Kisondela hakuna aliyewahi kumwona uso. Walimwita Mwekezaji, kama vile ndilo jina alilobatizwa.

Kesho yake asubuhi alikwenda Tukuyu pamoja na shemeji yake, Anyelwisye, wakatembea kwenye mvua mpaka Bulyaga, kwenye chumba kilichopangwa na kampuni. Zamani alikuwa akija mpimaji wa serikali. Siku hizi kila kitu kimeachiwa wenye fedha, na Mwekezaji alikodi wapimaji wake, wapime shamba lake na mashamba ya majirani zake pia. Bure! Mkutanoni watu walipiga makofi. Sekela naye alipiga, tena kwa nguvu.

"Mgonile, tata," alisalimia, akapiga goti na kumwita baba, ingawa Ackson, msimamizi wa kampuni, alikuwa rika moja na kitinda mimba wake.

Ackson aliitikia kwa kidevu.

"Ramani imekosewa," Anyelwisye alisema. "Imeitupa nyumba ya shemeji nje ya kiwanja chake."

"Haijakosewa." Ackson aliikunjua mezani. "Kutoka bikoni ya barabarani, mstari wa kwanza unakwenda digrii mia na ishirini. Umeandikwa, umepigwa muhuri."

"Mia na ishirini ndiyo wapi?" Sekela aliuliza.

"Kaskazini ni sifuri. Unazunguka kama mshale wa saa. Ukifika tisini, hiyo ni mashariki. Mia na ishirini imeshapita mashariki, inateremka huku." Penseli yake iliteremka.

"Huko ni korongoni, tata. Hata mbuzi hakai. Sisi tuko juu. Ukitoka barabarani unapanda kaskazini, unakunja kidogo tu kuelekea jua linakochomoza."

Ackson aliitazama ramani kwa muda.

"Basi ni kumi na mbili," alisema, taratibu kabisa, kama mtu aliyekumbuka alikoacha mwavuli. "Mwelekeo huandikwa kwa tarakimu tatu, ndiyo kanuni. Kumi na mbili inatanguliwa na sifuri. Sifuri, moja, mbili. Mchoraji kaiweka sifuri mwishoni."

"Mwe! Si umeliona mwenyewe!" Anyelwisye alicheka kwa nafuu. "Basi irekebishe, tata. Ndaga fijo, asante sana."

"Haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Mistari mingine ilishavutwa iufuate huu, la sivyo mipaka ya kiwanja isingekutana. Na eneo la juu limeshaingia kwenye hati ya Mwekezaji. Muda wa pingamizi mlipewa. Tangazo lilibandikwa mlango huu huu."

"Tulikuwa matangani!" Sekela alisema.

"Na hiki kidole ni cha nani?"

Chini ya ramani kulikuwa na alama ya dole gumba, ya buluu. Ilikuwa yake. Aliikumbuka. Wapimaji walikuja siku ya mazishi ya mumewe, Yohane. Kijiji kizima kilikuwa msibani. Ni Mnyakyusa gani anayeacha msiba akasimame mpakani kumwonyesha mtu mipaka? Nao walijua. Jamani, wasijue vipi, wakati vilio vilisikika mpaka ng'ambo ya mto? Walipima wenyewe, kisha wakamfuata na kidau cha wino pale alipoketi na wanawake wenzake juu ya majani ya migomba. Alinyoosha mkono kama alivyounyoosha kwa kila aliyekuja kumpa pole.

"Mlikuwa mnazika, hamkuja mpakani," Ackson alisema. "Hilo si kosa la kampuni."

Sekela alishuka magoti yote mawili, sakafuni, na matope yake.

"Tata, kaburi lake liko huko juu. Mume wangu amelala kwenye ardhi ya mtu. Migomba yote iko huko. Nitakula nini? Nionee huruma, nimekuzidi hata mama yako umri."

"Inuka, mama, nina watu nje."

"Nitakufa njaa!"

"Hakuna aliyekunyang'anya kitu. Ukubwa ni uleule, hata robo ekari haijapungua. Tena una hati! Wenzako wanaililia hawaipati." Akaiingiza kwenye bahasha, akampa kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Hongera."

Trekta lilikuja kabla mahindi hayajakomaa. Migomba ililala upande mmoja, ikatoa maji. Wenye trekta walikuwa watu wazuri, walimsaidia kutoa masufuria, kisha wakaiangusha nyumba na jiko lake. Kwenye kaburi la Yohane walizunguka. Walisema watapanda chai pembeni tu, ila asiwe anakuja kuja, kutakuwa na mlinzi.

Sekela alikusanya machipukizi ya migomba aliyoweza kuyaokoa, akayabeba mpaka ukingoni mwa korongo. Akajifunga kamba kiunoni. Anyelwisye aliishika kwa juu, visigino vimezama kwenye udongo, naye Sekela akateremka ndani ya kiwanja chake halali, jembe mgongoni, tumbo limelalia ukuta wa ardhi. Chini kabisa mto ulikuwa unanguruma. Alichimba kishimo, akasimika chipukizi, akaushindilia udongo kwa ngumi.

Udongo ulimeguka. Ulikwenda na chipukizi lake mpaka majini.

"Shemeji, panda juu!" Anyelwisye alipiga kelele, akiivuta kamba. "Panda, utakufa!"

"Shusha jingine," Sekela alisema.